Nafasi ya 391 duniani: niache tenisi au niongeze mashindano?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24 na nacheza tenisi ya kulipwa tangu nikiwa na miaka 18. Nafasi yangu ya juu kabisa kwenye orodha ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake, ilikuwa 338, sasa niko 391. Mwaka jana nilicheza mashindano 31, karibu yote W15, ngazi ya chini kabisa, na machache W35, ngazi inayofuata. Niliingiza dola 13,400, nikatumia zaidi ya 36,000. Pengo wamelijaza wazazi na mfadhili mmoja ambaye mkataba wake unaisha Desemba. Sina kocha wa kusafiri naye. Nikipanda nafasi arobaini nashuka hamsini. W15 nafika nusu fainali mara kwa mara, lakini nikikutana na mtu wa 250 nafungwa 6–4, 6–4, kila mara. Mwili umechoka mpaka hedhi sijaiona miezi minne, nadhani ni safari nyingi. Halafu wiki mbili zilizopita mtu nisiyemjua alinitumia ujumbe kwamba atanilipa nikiachia seti ya kwanza. Nilimbloku tu, sikumwambia mtu. Rafiki zangu niliosoma nao wana kazi na mishahara. Mama anasema nijipe mwaka mmoja zaidi, kocha wangu wa zamani anasema nihamie mchezo wa wawili wawili. Niache, au niongeze mashindano nipate pointi?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza kama uache au uongeze, na nitakujibu. Ila kuna mambo mawili umeyataja kwa kupita tu, na hayo ndiyo yaliyonishtua. La kuacha au kuendelea linaweza kusubiri wiki kadhaa. Ule ujumbe usubiri mpaka leo jioni tu, na hedhi isizidi wiki hii.

Nianze na ujumbe. Ulifanya vizuri kukataa, lakini kumbloku hakutoshi. Kanuni za tenisi zinamtaka kila mchezaji aliyefuatwa kwa ajili ya kupanga matokeo aripoti kwa ITIA, chombo kinachosimamia uadilifu wa mchezo huu, bila kuchelewa. Kukaa kimya ni kosa lenye adhabu yake hata kama hukupokea senti. Kwa hiyo usifute kitu. Piga picha za skrini zinazoonyesha akaunti, tarehe na maneno yote, ingia kwenye tovuti ya ITIA, utume. Taarifa hupokelewa kwa siri. Umechelewa wiki mbili, basi sema hivyo hivyo, usipambe.

Wala usijiulize umefanya nini mpaka mtu huyo akufuate wewe. Mwaka 2018 jopo huru chini ya wakili Adam Lewis lilimaliza kuchunguza rushwa katika tenisi, na lilichokuta ni kwamba tatizo limejazana ngazi za chini: wachezaji wengi wasiorudisha gharama zao, na matokeo ya mechi zao, pointi kwa pointi, yanauzwa kwa kampuni za kamari. Aliyekuandikia anajua bingwa wa W15 huondoka na dola 2,300 na ushei kabla ya kodi, na anayetoka raundi ya kwanza huondoka na chini ya 200. Ameshakupigia hesabu.

Sasa hedhi. Safari na kubadilisha saa vinaweza kuvuruga mwezi mmoja. Miezi minne si safari tena, na ikifika mitatu mwanamke anatakiwa amwone daktari. Kwa mwanamichezo, sababu inayoongoza ni mwili kupata chakula kidogo kuliko nguvu unazotumia. Ubongo ukiona akiba haitoshi unapunguza zile homoni zinazoamrisha yai likomae, estrojeni inashuka, na estrojeni ndiyo inayolinda mifupa yako. Ndipo unasikia binti wa miaka 24 amepata ufa kwenye mfupa wa mguu bila kuanguka wala kugongwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitolea tatizo hili tamko mwaka 2014 kwa sababu lilikuwa likionekana kwenye michezo mingi, na tenisi imo.

Usiniambie hujinyimi chakula. Wengi hawajinyimi. Siku yenyewe ndiyo inayowanyima: asubuhi unakula kidogo kwa sababu uko mechi ya kwanza, mechi inachukua saa tatu nzima, ukitoka njaa imekufa, una mechi nyingine ya wawili wawili alasiri, na jioni unaagiza kilicho rahisi zaidi kwenye orodha kwa sababu unahesabu hela. Rudia hivyo kwa wiki 31. Uzito unaweza usibadilike sana, na kwenye kioo usione kitu.

Kwa hiyo tafuta daktari wa wanawake au wa michezo, ana kwa ana, usitegemee ushauri wa mtandaoni, hata huu wangu. Ataanza kwa kuondoa sababu nyingine, ikiwemo mimba na matatizo ya tezi ya shingo. Mwombe apime na madini ya chuma, na umuulize kama unahitaji kipimo cha ujazo wa mifupa. Akikupa vidonge vya uzazi wa mpango ili tu damu irudi, muulize kwa heshima sababu. Vidonge vitaleta damu kila mwezi, lakini kama chanzo ni upungufu wa chakula, kitabaki palepale, na utapoteza ile ishara iliyokuwa inakuonya. Ukiwa na maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa, yanayozidi ukiruka, usicheze hata mechi moja kabla ya kupimwa. Na jina la dawa yoyote utakayoandikiwa liangalie kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni kabla ya kuimeza.

Nimechukua nafasi kubwa hapo kwa makusudi. Huo uchovu unaokufanya uulize kama uache unaweza kuwa na sababu inayotibika, na sipendi mtu aamue maisha yake akiwa na njaa asiyoijua.

Tuje kwenye namba. Unadhani ukiongeza mashindano utaongeza pointi. WTA hukusanya pointi zako za wiki 52 zilizopita, na kwa mchezaji mmoja mmoja huhesabu matokeo 18 yaliyo bora. Wewe ulicheza 31. Mashindano 13 uliyalipia nauli, hoteli na nyuzi za raketi, na hayakukuongezea nafasi hata moja. Huku juu unajaza, huku nyuma wiki ya mwaka jana inadondoka na pointi zake. Ndiyo maana unapanda arobaini na kushuka hamsini: mara nyingi kiwango chako hakijabadilika wiki hiyo, ni nusu fainali ya mwaka jana iliyofika tarehe yake ya kufutika.

Tazama pia pointi zinatoka wapi. Tangu 2024 jina la shindano ndilo linalotaja pointi za bingwa: W15 ni 15, W35 ni 35, halafu W50, W75 na W100. Ili ushinde W15 unahitaji kushinda mechi tano. Kwenye W75 ukishinda mechi mbili za droo kuu, yaani shindano lenyewe baada ya raundi za mchujo, ukafika robo fainali unapata pointi 16. Pointi moja zaidi, kwa mechi tatu pungufu. Hata ukitwaa mataji 18 ya W15, msimu ambao simtarajii binadamu yeyote aucheze, utakuwa na pointi 270, na mwenye nafasi ya 200 anakuzidi bado. Najua kwa nini watu hubaki huko: unakwenda Monastir, Antalya au Sharm El Sheikh, shindano linafuata shindano wiki hadi wiki mahali palepale, hulipi nauli mpya, na kila wiki unashinda mechi kadhaa. Moyo unatulia. Lakini hapo ndipo miaka ya wachezaji wengi wazuri inapoishia.

Sisemi urukie W75 na W100 peke yake. Kwa nafasi ya 391 utaanzia raundi za mchujo mara nyingi, na wiki nyingine jina lako halitaingia hata kwenye orodha ya mchujo. Ukiondolewa mchujo mara sita mfululizo unapoteza hela na moyo pamoja. Kwa maoni yangu W35 iwe ndiyo nyumba yako, W50 na W75 uzifuate pale orodha ya waliojiandikisha inapokuwa nyepesi, hasa wiki zenye mashindano makubwa mengi kwa pamoja, na W15 uiache kwa ajili ya kurudi kutoka kwenye jeraha.

Halafu hili la kujiona umefeli. Shirikisho la kimataifa la tenisi, ITF, lilifanya uchunguzi kwa takwimu za 2013. Kulikuwa na wachezaji karibu 14,000 waliocheza mashindano ya kulipwa, wanaume kwa wanawake, na karibu nusu yao hawakupata hata senti moja ya zawadi. Kwa wanawake, mtu aliyefidia gharama zake kwa zawadi alikuwa kwenye nafasi ya 253, na hiyo ni kwa gharama ya dola 40,000 hivi kwa mwaka bila kumlipa kocha. Zawadi na nauli zote zimebadilika tangu hapo, lakini umbo la hesabu ni lile lile. Pengo lako la dola 22,000 na ushei ndiyo hali ya kawaida ya mtu wa 391. Usiende kwa wazazi ukilia kwamba umeharibu hela zao. Nenda na hesabu.

Mlango wa kutoka kwenye pengo hilo uko kwenye mchujo wa mashindano manne makubwa. Mara nyingi mtu wa nafasi ya 220 hadi 240 huingia. Wimbledon ya 2025 ilimlipa aliyefungwa mechi ya kwanza kabisa ya mchujo pauni 15,500, na aliyefungwa raundi ya kwanza ya droo kuu pauni 66,000. Soma tena: kupoteza mechi moja ya mchujo pale ni zaidi ya ulichoingiza wewe kwa mashindano 31. Na kuna nafasi nne za namna hiyo kwa mwaka. Kati yako na mlango huo kuna takriban pointi 150, ingawa kiasi hubadilika wiki hadi wiki. Ni nyingi, na si rahisi, lakini zinahesabika.

Watakutajia Lois Boisson. Ni kweli, mwaka 2025 alikuwa nafasi ya 361, akaingia Roland Garros, shindano kubwa la Paris, kwa mwaliko, akamfunga Jessica Pegula aliyekuwa wa 3 na Mirra Andreeva aliyekuwa wa 6, akafika nusu fainali. Mwaka mmoja kabla alikuwa amechanika goti. Mfurahie, ila usipange maisha juu yake. Yeye ni Mfaransa, na mwaliko wa Paris hutolewa na shirikisho la Ufaransa. Kama shirikisho lako halina shindano kubwa, huna mwaliko wa kungoja. Mimi ningekutajia Tatjana Maria, aliyefika nusu fainali ya Wimbledon 2022 akiwa na miaka 34, nafasi ya 103, mama wa watoto wawili, kisha 2025 akashinda shindano la Queen's la London akitokea mchujo akiwa na 37. Sikutajii ili ucheze miaka 13 zaidi. Nakutajia kwa sababu unaandika kana kwamba 24 ni uzee.

Kitu kilichonipa matumaini kwenye swali lako ni 6–4, 6–4. Ungeniandikia 6–1, 6–2, ningekujibu tofauti kabisa. 6–4 maana yake umepoteza gemu moja ya sevu yako, yaani unayoanzisha mpira wewe, kila seti zaidi ya mwenzako. Nataka ufanye kazi moja. Chukua video za mechi zako sita za mwisho dhidi ya watu walio nafasi ya 280 au bora zaidi. Usiangalie mechi nzima. Angalia tu gemu za sevu ulizopoteza, na kwa kila pointi andika: sevu ya kwanza iliingia? Ya pili ilitua wapi? Mwenzako alisimama wapi kuipokea? Nitashangaa usipokuta kitu kimoja kinajirudia. Kwa wachezaji wa ngazi yako mara nyingi ni sevu ya pili. Mchezaji wa W15 anairudisha katikati na pointi inaanza upya. Mtu wa 250 amekwisha kusogea hatua mbili ndani ya mstari, anaipiga ikiwa bado inapanda, na wewe unaanza pointi ukiwa nyuma. Seti ikiwa 4–4 na wewe unasevu ukiwa nyuma 0–30, unaogopa, unaipooza zaidi. Hilo halirekebishiki ukiwa safarini. Linataka wiki nne au tano uwanjani na kocha mmoja, kapu la mipira, na hakuna mechi.

Kwa hiyo jibu langu kwa "niongeze?" ni hapana: punguza. Cheza 20 hadi 22, kwa mafungu ya wiki tatu, kati yake urudi mazoezini na upumzike. Kocha wa kusafiri naye humudu peke yako, lakini wachezaji watatu wanaweza kumgawana kwa mafungu mawili au matatu ya mwaka. Jifunze kufunga nyuzi mwenyewe kama hujui. Mashine ndogo ya mezani hurudisha bei yake. Na ulizia ligi za vilabu za Ujerumani, Ufaransa na Italia. Klabu humlipa mchezaji kwa mechi, mara nyingi na malazi juu, na wachezaji wengi wa nafasi ya 300 hadi 500 hupatia huko hela ya uhakika kuliko zawadi za W15. Haziongezi pointi, ila zinalipa nauli za zile zinazoongeza.

Kocha wako wa zamani ana nusu ya ukweli. Cheza wawili wawili kila wiki mwili ukiruhusu: hela yake hulipa hoteli, na inanoa sevu na mapokezi, ambavyo ndivyo unavyovihitaji. Kuhamia huko kabisa ni jambo jingine. Kwenye shindano kubwa la wanawake droo ya mchezaji mmoja mmoja ina watu 128, na mchujo una wengine. Wawili wawili kuna timu 64 tu, hakuna mchujo, mnaingia kwa nafasi zenu mkizijumlisha, na viti vingi vimekaliwa na wale wale wakubwa wa mchezaji mmoja mmoja. Zawadi nayo ni ndogo na mnagawana. Kama nafasi yako ya wawili wawili ingekuwa 150 na una mwenza wa kudumu, ningekwambia fikiria. Hukuitaja kabisa, nami naichukua kwamba haijafika huko.

Mama naye ana nusu. Mwaka mmoja zaidi sawa, ila usihesabu kutoka leo. Uhesabu kutoka siku daktari atakapokuruhusu kucheza. Ikibidi ukae nje miezi sita au zaidi, WTA ina utaratibu wa nafasi maalumu kwa waliougua au kuumia. Masharti yake yasome, na uwaandikie wakati bado uko nje, usingoje kurudi. Kaeni na wazazi mezani, mkubaliane kiasi cha juu cha hela kitakachotumika mwaka huo, na kisitoke kwenye mkopo. Wakiwa wanakopa tayari, hapo ningekwambia simama sasa, na ningesema hivyo hata ungekuwa wa 280. Mwisho wa mwaka huo usiangalie nafasi peke yake. Angalia kama unawafunga watu wa 250 angalau mara moja katika tatu. Kama umecheza mwaka mzima ukiwa mzima wa afya, kwenye W35 na kupanda, sevu imetengenezwa, na bado ni 6–4, 6–4, basi hicho ndicho kiwango chako, na unaweza kuacha ukijua hujakimbia kitu.

Kuna dalili nyingine iliyo juu ya hesabu zote. Ukiona wiki zinapita hutaki kugusa raketi hata siku za mapumziko, usingizi hakuna, au unafikiria kujidhuru, usingoje mwisho wa mwaka wala wa wiki. Mwone mtaalamu wa saikolojia au daktari siku hiyo hiyo, na umwambie mtu wa nyumbani.

Rafiki zako wenye mishahara nisingewasahau, kwa sababu wivu huo ni halali. Mbona usisome sasa? Saa unazokaa viwanja vya ndege na hotelini zinatosha kozi moja au mbili kwa muhula. Venus Williams alipata shahada ya biashara mwaka 2015 kutoka Indiana University East, chuo chenye ushirikiano na WTA, huku akiendelea kucheza. Mwenye pa kwenda baada ya tenisi hucheza 4–4, 0–30 kwa mkono mwepesi zaidi.

Mwisho ni mfadhili. Usingoje Desemba akuulize. Mwandikie ukurasa mmoja mara tu utakapokuwa na majibu ya daktari na ratiba mpya: mashindano 20 uliyochagua na kwa nini, bajeti yenye kila senti, na kwamba unalenga mchujo wa mashindano makubwa. Suala la hedhi ni lako, si lazima umweleze. Sema tu umekuwa chini ya uangalizi wa daktari na umepewa ruhusa. Ujumbe wa kamari pia usimtajie yeye wala kumtajia mtu mtandaoni. Uache mikononi mwa ITIA. Akikataa kuongeza mkataba, mwombe alipie kitu kimoja kinachoonekana, kama zile wiki tano za kocha na sevu. Wafadhili wadogo hukubali kitu chenye mwanzo na mwisho kuliko mwaka mzima wa matumaini.